Handaki la Viazi

Jumanne, 5 Septemba 1944

Askari wetu wanapita tangu asubuhi. Wanarudi Ujerumani kutoka upande wa Ubelgiji. Si gwaride — watu wamechoka tu. Mmoja kavaa kofia ya kike ya majani makavu. Mwingine anavuta ng'ombe kwa mkanda wa suruali. Bwana Hermanns, tajiri wangu, kasimama mlangoni, mikono mfukoni, kaniambia nilinde banda, hawa watatumalizia kuku. Nikalinda. Hakuna aliyeiba. Wameomba maji. Nikawapa, sikuwauliza kitu.

Viazi vya mapema vya shamba la juu vimekwisha kuvunwa. Vyote nimevipeleka handakini. Pazuri mle, pana ubaridi, pana giza. Mwaka wa thelathini na nane tuliyajenga sisi wenyewe, mahandaki haya ya zege ya jeshi; wakayaita Ukuta. Mimi nilibeba saruji mpaka mgongo ukapinda. Wakatuambia hapa hapiti mtu. Halafu vita vikaenda mbali huko Ufaransa, wakang'oa bunduki wakaondoka, na mahandaki yakabaki. Basi kila nyumba ikachukua lake. Hilger fundi viatu anaanika ngozi ndani ya lake. Padre anaweka mvinyo. La Bwana Hermanns ni viazi, na kuku mvua ikizidi. Makufuli tumeweka yetu. Ufunguo wa lile la viazi nashika mimi, mfukoni, kwa kamba.

Sasa mle si viazi tu. Faas yumo.

Naandika maana hakuna wa kumwambia. Mke wangu Traud angekuwa hai ningemwambia yeye.

Faas ni jirani, zizi lake na langu ukuta mmoja. Katembea kwa miguu kutoka Ufaransa. Kikosi chake kimekwisha, anasema, wamebaki yeye na mpishi, na mpishi hajui kupika. Bunduki kaitupa mtoni. Kwake hakwenda, maana polisi wa jeshi wakitafuta mtoro wanaanzia kwa mkewe. Akaja kwangu nyuma, kwenye samadi. "Mzee, nipe pa kujilaza." Nikampeleka. Nikafunga kwa nje. Mkewe Plonia anapika, mimi nabeba kwenye ndoo ya kuku.

Hivyo tu. Sikufikiria sana.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimempelekea mkate mweusi na supu ya maharage. Kakonda. Kang'oa ubao mmoja wa tundu la bunduki apate mwanga, lile tundu nililoliziba mimi kwa mbao mwaka jana. Nikamwambia wataona. Akasema, "Nani ataona? Kunguru?"

Kuku wamemzoea. "Yule mwekundu ananikagua kila asubuhi, mzee. Sajini wangu hakuwa mkali hivyo." Nikacheka. Sijacheka siku nyingi.

Akaniuliza Wamarekani wamefika wapi. Nikasema sijui, wengine wanasema Liege, wengine wanasema wamepita. "Wakifika," akasema, "natoka mikono juu, na huyu mwekundu kichwani."

Halafu akaacha mzaha. Akasema jeshi likirudi kuchukua mahandaki, nimpe habari mapema. Nipite tu nigonge ubao. Yeye atapita tunduni, atashuka korongoni, msituni anapajua. Apate shoka na nafasi ya kung'oa mbao zilizobaki, basi. "Unanisikia, mzee? Kugonga tu. Usiongee hata neno."

Nikasema nitagonga. Nikamwachia shoka dogo.

Jumapili, 10 Septemba

Misa. Padre kahubiri kuhusu uvumilivu, mizinga inasikika mpaka ndani, kioo kimoja cha dirisha kinacheza. Hakuna aliyegeuka.

Nje Bwana Hermanns anasema kijiji cha pili wamemnyonga mtu. Kamficha mpwa wake mtoro darini. Wamewanyonga wote wawili kwenye mti mbele ya baa, wamekataza kuwashusha. Kawaona mwenyewe akienda kusaga. Anasimulia huku anajaza kiko. "Ujinga," anasema. "Kwa ajili ya mpwa!"

Nikaenda nyumbani.

Plonia akanifuata na keki ya plamu kwenye kitambaa. "Mpe yote. Wewe nitakupa nyingine." Akanitazama. "Una nini, Lammert? Uso umekuwa kama jibini."

Nikasema tumbo.

"Tumbo litapona. Usimwache tu."

Nimempelekea keki. Sikumwambia habari ya kijiji cha pili. Nikajiambia nisimtie hofu. Si kweli. Sikutaka kuisema kwa sauti.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimekaa hapa tangu adhuhuri. Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi wamekuja askari kwa lori. Luteni mmoja kijana, sura ya mwalimu wa shule, sauti imekauka. Askari wake wengi ni watu wazima, wenye vidonda vya tumbo, wamewekwa kikosi kimoja wapikiwe uji. Mmoja kashuka, katazama mlimani, kauliza, "Ukuta wenyewe uko wapi? Mimi naona ng'ombe." Mwenzake akamwambia, "Ndio hao ukuta."

Wanaume wote tumeitwa uwanja wa shule. Luteni ana ramani. Anataka funguo. Jeshi funguo zake halijui ziliko, ziko ofisi fulani, ofisi imehama. Na hata zingekuwepo, makufuli ni yetu. Mwenyekiti wa kijiji anatazama viatu vyake. Kila mtu anatazama viatu vyake. Hilger akasema, "Langu mimi lina ngozi, Bwana Luteni. Litawanukia." Watu wakacheka. Luteni hakucheka. Akatuma watu na shoka wakavunja la Hilger, wakavunja la Padre. Wamerudi wamechukua muda mrefu, na wale wa kwa Padre wamerudi wachangamfu.

Hapo Luteni akapandisha sauti. Wamarekani wako mtoni. Leo watavuka. Mwenye ufunguo akiuficha, hata kwa nusu saa, ni msaliti, na mti ndio huu hapa. Akaugusa kwa mkono, ule mti mkubwa wa uwanja wa shule.

Bwana Hermanns akasema, "La shamba la juu, ufunguo anao Lammert."

Hajui kuhusu Faas. Kasema tu aonekane mtu wa kusaidia.

Wote wakanigeukia.

Ningesema uko nyumbani. Neno dogo. Uko nyumbani, Bwana Luteni, nikauchukue. Njia ya nyumbani inapita nyuma ya shamba la juu. Ningegonga ubao. Wala wasingeshangaa, mzee kibarua kasahau ufunguo nyumbani, nani angeshangaa? Nililifikiria neno hilo papo hapo. Nisijidanganye kwamba limenijia baadaye. Lilikuwa mdomoni.

Mkono ukaingia mfukoni ukatoka na ufunguo.

Nikasema, "Huu hapa."

Na kamba nikamfungulia mwenyewe. Na nikasema — hakuna aliyeniuliza — nikasema, "Kufuli linakwama. Linyanyue kidogo ndipo uzungushe."

Luteni akasema, "Angalau mtu mmoja." Akanipa pakiti ya sigara. Nikaipokea. Nikasema asante.

Wakatuchukua na sisi twende kutoa viazi. Nilikuwa nyuma. Kupanda kote kule nilikuwa nasema moyoni labda kasikia lori, labda kashatoka. Nikasikia kufuli. Lilifunguka mara moja.

Wamemtoa na nyasi kavu kichwani. Kafumba macho kwa mwanga. Kuku wakatoka naye. Shoka langu lilikuwa ndani, mbao bado mahali pake. Hakusikia chochote. Zege lile nene, nalijua.

Luteni akauliza, "Nani amemweka huyu humu?"

Faas akatuangalia. Akaniona. Macho yakanipita kama nimekuwa mtu wa kijiji kingine.

"Hakuna aliyeniweka," akasema. "Nimeingia kwa tundu. Ubao mmoja nimeung'oa, tazameni. Waulizeni kuku."

Askari mmoja akacheka, akanyamaza.

Bwana Hermanns akasema, "Faas! Mungu wangu." Kasema kweli, kashtuka kweli. Mimi pia nikaacha mdomo wazi, nikatikisa kichwa. Nikafanya kama yeye. Nikamtazama Bwana Hermanns afanyavyo, nikafanya.

Wamemfunga mikono. Wamemshusha. Sisi tukamwaga viazi nje, vikaporomoka mpaka barabarani. Halafu bunduki yao mpya haikuingia tunduni. Tundu dogo, bunduki pana. Wakatukana matusi mpaka Luteni akawanyamazisha.

Nyumbani nimevuta sigara. Mbili. Nzuri.

Jumanne, 12 Septemba

Faas wamemfungia banda la pampu ya zimamoto. Nimepita na mkokoteni njia ya chini, ndefu, nisipite mbele ya banda.

Nimeokota viazi barabarani kutwa.

Plonia kanikuta. Macho makavu, mekundu. "Wamevunja, sivyo? Kama kwa Hilger. Walivunja tu ghafla hata hukupata nafasi."

Nikasema, "Wanavunja tu."

"Najua," akasema. "Ungeweza ungegonga." Akaninyooshea viazi viwili vilivyonipita, akaviweka kwenye ndoo yangu.

Jumatano, 13 Septemba

Mizinga tangu alfajiri. Inasemekana Wamarekani wako kwenye mlima, upande wa kaskazini, na mahandaki mengine huko waliyakuta matupu, wakaingia na kupika kahawa.

Plonia amekuja saa ya kukamua. Kavaa vizuri, leso safi. Hakukaa. Mtu akija kuomba hivi hakai.

Akasema, "Nimekuja kwa jirani wa kwanza."

Nikaacha kukamua.

Mimi ni jirani wao wa kwanza na wao ni wangu. Ndivyo zilivyo nyumba zetu, toka babu zetu. Moto, ugonjwa, kuzaa, kufa, unaanzia mlango ule. Traud alipokata roho niligonga kwa Faas kabla ya kwa Padre. Faas alikuwa likizo, alitoka bila kiatu kimoja. Yeye ndiye alipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Yeye alitembea mbele ya jeneza na msalaba. Plonia alimwosha Traud, akamchana nywele, alijua anavyozichana. Mimi nilikaa jikoni tu. Mfiwa hafanyi kitu. Ndiyo kazi ya jirani.

Plonia akaeleza. Kesho anakuja Kapteni wa mahakama ya kijeshi. Padre kaongea na Luteni, Luteni si mtu mbaya, hapendi kumpiga risasi mtu wake wakati anahitaji watu. Kasema kukiwa na shahidi mmoja, mtu mzima, asiye ndugu, aseme Faas alikuwa anarudi jeshini, basi atamwombea apelekwe mstari wa mbele badala ya kupigwa risasi.

"Utasema wewe ndiye uliyemweka. Ulimwambia asafishe handaki, atoe viazi, askari wakute pako tayari, na yeye ajiunge nao siku hiyohiyo. Ni wewe tu unayeweza kusema, ndiwe mtunza handaki. Akisema Padre hawaamini."

Nikasema, "Na wakisema nilimficha?"

"Utasema hukumficha. Ulimpa kazi. Nani anaficha mtu ndani ya handaki la jeshi?"

Kafikiria vizuri. Mimi nisingefikiria.

Akasema, "Lammert. Sijakuomba kitu tangu Traud afe."

Kweli. Ni mimi niliyekuwa naomba. Chumvi, sindano, kushonewa shati.

Nikasema nitakuja. Akanishika mkono wenye maziwa, akaenda.

Bwana Hermanns alikuwa nyuma ya mlango wa zizi, kasikia yote. "Wewe una akili? Handaki langu, viazi vyangu, kibarua wangu. Wakikunyonga wewe watakuja kwangu kuuliza." Akasema nikae kimya, niumwe. Kesho niumwe tu, nilale. Hata yeye anaogopa. Bwana Hermanns, mwenye ng'ombe kumi na mmoja.

Nimeyajaribu maneno mbele ya ng'ombe. Nimemweka mimi, asafishe handaki. Nimemweka mimi, asafishe handaki. Yanatoka vizuri.

Alhamisi, 14 Septemba

Darasani. Ubaoni hesabu za watoto hazijafutwa. Kapteni kakaa kiti cha mwalimu, miwani, anamenya yai. Kabla yangu kulikuwa na kesi ya mtu aliyeiba petroli. Nje lori lake halikuzimwa, linanguruma tu, anataka kuondoka kabla barabara haijakatika.

Luteni kando. Faas kwenye ukuta, kati ya askari wawili. Plonia wamemruhusu kusimama mlangoni.

"Wewe ndiye shahidi wa mke?"

"Ndiyo, Bwana Kapteni."

"Kazi?"

"Kibarua."

"Kaa, mzee."

Nikakaa benchi la watoto, magoti yakafika kifuani.

Akatazama karatasi. "Luteni ameandika ufunguo wa handaki ulikuwa nao wewe. Ulimkabidhi mkononi, mara moja, hata ukamweleza namna ya kufungua kufuli. Kweli?"

Sikufikiria hilo. Usiku mzima nimejaribu maneno yangu, sikufikiria atasoma hilo. Luteni kaliandika kwa wema. Kaliandika nionekane mtu wa kuaminika.

Sikugeuka mlangoni. Nikasema, "Kweli."

"Mlango umefungwa kwa nje. Ufunguo unao wewe. Basi aliyemweka huyu ni wewe?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Ndilo swali lenyewe, kalileta mkononi kama mkate. Nimemweka mimi, asafishe handaki. Luteni akanitikisia kichwa kidogo, sema basi.

Faas akasema, "Mzee hajui kitu. Nimeshasema. Nimepita tunduni."

"Hukuulizwa wewe." Kapteni akalichovya yai kwenye chumvi. "Mzee. Ulijua yumo?"

Nikaona mti wa uwanjani, dirishani. Sio kisingizio. Naandika tu nilichoona. Na nikapata kisingizio vilevile, papo hapo, kimekuja kimevaa vizuri: nikisema nilimweka, nitamfanya Faas mwongo mbele yao. Nikakishika hicho.

"Sikujua."

"Sauti."

"Sikujua, Bwana Kapteni."

Akaandika. Luteni akatazama dirishani.

Haikuchukua muda baada ya hapo. Risasi, kesho asubuhi. Kapteni akafuta vidole, akavaa kofia. Walipokuwa wanamtoa Faas, kapita karibu na benchi. Nilidhani atanitemea mate. Ningependa. Akasema, "Mzee, paa langu upande wa kaskazini linavuja. Kabla ya theluji, tafadhali." Kama tunaongea kwenye uzio.

Nikasema sawa.

Mlangoni ilibidi nipite kwa Plonia. Hakulia. Hakuniuliza kwa nini nimesema sikujua. Aliuliza neno moja.

"Mkononi?"

Nikapita.

Ijumaa, 15 Septemba

Wamempiga risasi kule kwenye meno ya zege ya kuzuia vifaru, juu ya shamba la viazi. Nilikuwa nakamua. Ng'ombe hakushtuka. Nikaendelea mpaka ndoo ikajaa.

Wamemfunga kibao shingoni. Amri ya Luteni: asiguswe na mtu, abaki pale awe fundisho.

Mizinga karibu sana. Ghala la Bwana Hermanns limebomoka pembe moja. Yeye na mkewe wamepakia gari la ng'ombe, wanakwenda kwa dada yake ng'ambo ya mto Rhine. Kaniachia ng'ombe wawili wasiotembea. Kaniambia, "Ulifanya la busara." Kanipa mkono.

Nikaupokea na huo.

Jumamosi, 16 Septemba

Askari wameondoka kabla ya jua. Hakuna kelele, tumeamka hawapo. Handaki la viazi wameliacha wazi. Wamarekani hawajashuka bado, wanapiga kutoka mlimani, mara shamba la juu, mara barabara, wakipumzika kidogo wanaanza tena.

Basi amri haina mwenyewe. Faas anaweza kuletwa.

Nimenyoa. Nimevaa koti jeusi, lile la Traud, yaani nililomzikia. Nimepaka grisi magurudumu ya mkokoteni, nikatandika nyasi safi na shuka juu yake. Koleo, jembe. Nimewasha jiko, nikaweka maji mengi, watayahitaji kumwosha. Ndivyo inavyotakiwa, unakuwa tayari kabla hujagongewa. Lakini hutoki. Jirani wa kwanza hajipeleki. Anakuja mwenye msiba, anagonga, anasema fulani ametutoka, ndipo unatoka. Ukienda bila kugongewa ni kama kumpora mtu maiti yake.

Nikakaa karibu na dirisha.

Nimepanga. Akigonga nitasema yote, hapo hapo kizingitini, kabla hajasema lake. Halafu nitapanda kumleta, wapige wasipige.

Mapazia ya kwao yamefungwa. Saa ya ukutani lazima kaisimamisha, ndivyo tunavyofanya mtu akifa.

Plonia ametoka. Leso nyeusi. Kafunga mlango pole pole, kama kuna mtu kalala ndani. Kaja njiani. Lango langu ni la kwanza, hatua chache tu. Nikasimama, nikashika komeo, nikasafisha koo.

Nyayo zikafika langoni.

Hazikupunguza mwendo. Nilidhani hakuniona, nikajisogeza dirishani aone. Kaniona. Bomba la jiko langu linatoa moshi, koti nimevaa, mkokoteni uko uani na shuka jeupe. Kapita.

Kagonga kwa Hilger.

Hilger ana mguu mmoja mfupi tangu vita vile vya kwanza. Kafungua, kitambaa cha kazi kiunoni. Nimefungua dirisha kidogo, nasikia vizuri, mizinga imepumzika.

Kasema, "Faas ametutoka."

Hilger kavua kofia. Kasema, "Mungu amrehemu." Halafu kaduwaa. "Lakini Plonia, mbona kwangu? Hujaanza kwa Lammert?"

"Kwa Lammert hakuna mtu."

Hilger kanitazama. Mimi hapa dirishani. Kanitazama muda, na moshi, na mkokoteni. Nikataka kunyanyua mkono. Sikunyanyua.

Akasema, "Haya. Ngoja nivae."

Sasa katoka na kigari chake cha ngozi, kidogo, cha kuvutwa na mbwa. Plonia kashika upande. Wamepita tena mbele ya lango langu, wanapanda. Gurudumu moja linakwama. Hilger anavuta hatua mbili, anasimama, anashika nyonga. Mlima wenyewe unateleza, viazi vimepondeka kote. Hawatamfikia Faas. Wakimfikia hawatamshusha.

Wameanza kupiga tena, shamba la juu.

Maji yamechemka. Nimesimama, naandika nimesimama. Koti limenibana. Wamefika penye kona, Hilger kaanguka goti, Plonia anamwinua, kigari kinarudi nyuma chenyewe, naweka kalamu